Mwaka wa Karata Nyumbani kwa Katongo

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Ariel Mbuyi ni kiganja chake cha kushoto. Hakitulii mpaka kimefunika kitu. Akipewa kikombe cha chai, kiganja kinalala juu ya kikombe. Akiweka simu mezani, kinailalia simu. Hata kanisani, kitabu cha nyimbo kikiwa mapajani, kiganja kiko juu yake kama kifuniko cha sufuria. Mgeni hudhani kijana huyu anaogopa kuibiwa. Wanaomfahamu wanajua kwamba ni mazoea ya mwaka mmoja tu, na kwamba aliyapata Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, chini ya mabati ya Baba Katongo, katika mchezo wa poka.

Ariel anafanya kazi Luano, kwenye uwanja wa ndege. Yeye ndiye anayepima mizigo ya abiria. Kazi hiyo ilimfundisha kusoma sura za watu kabla hajajua kwamba huo ni ujuzi. Abiria mwenye begi zito hutazama pembeni, huzungumzia mvua, huuliza habari za nyumbani, huku ncha ya kiatu chake ikilinyanyua begi kidogo ili mizani idanganyike. Ariel humwacha amalize salamu zake zote, kisha humwomba kwa upole arudishe mguu. Rafiki yake David, fundi wa friji, alipoona jambo hilo mara moja tu, alimwambia kwamba kuna mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Hivyo ndivyo alivyofika kwa Baba Katongo, mwezi wa kwanza, mvua ikipiga mabati hadi watu wakawa wanasemezana kwa mikono. Adrien Katongo ni mzaliwa wa upande huu wa Katanga, mstaafu wa reli, mwenye kitambi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mkewe, Mama Adolphine, ni mama wa kanisa. Aliuruhusu mchezo ule nyumbani kwake kwa sharti moja: senti isionekane juu ya meza. Kwa hiyo walicheza kwa maharagwe makavu. Kila mchezaji alipewa kikombe kimoja, na aliyeishiwa maharagwe kabla ya wenzake alikwenda uani, akawasha mbabula, lile jiko la bati, kwa makala, yaani makaa, akawapikia wengine bukari, ugali wa huko. Haikujalisha kama ni mzee au kijana. Baba Katongo alipenda kusema kwamba mezani pake hakuna wakubwa, kuna wenye maharagwe na mwenye mbabula.

Sheria nyingine ilikuwa kwamba majina yanaachwa mlangoni, kwa sababu mtu mwenye cheo hachekeki. Baba Katongo mwenyewe aliitwa Patron. David aliitwa Frigo. Mwaba, dereva wa teksi asiyenyamaza, aliitwa Klakson, yaani honi. Ariel, kwa sababu ya mizani yake, aliitwa Kilo tangu siku ya kwanza. Waliruhusiwa kutaniana bila huruma, mradi maneno yaishie pale pale. “Matusi ya mezani hayapandi teksi,” Mwaba alikuwa akisema, na kwa kuwa teksi ilikuwa yake, walimwamini.

Miezi ya mwanzo Ariel alikuwa kituko. Mchezo wenyewe hauna mambo mengi: unapewa karata mbili za siri, unazifunika kwa kiganja na kuinua pembe zake tu, kisha karata tano za wote zinawekwa wazi mezani kidogo kidogo, na kila mara unaamua kuongeza maharagwe au kuacha. Kuacha wanakuita kulala. Ariel hakujua kulala. Kila karata aliyopewa aliiona ina matumaini, akaifuata hadi mwisho, na kila Jumamosi akaishia uani akipepea makala. Ni Baba Katongo aliyemwonea huruma, akamwambia kwamba si kila mgeni anayepiga hodi hufunguliwa mlango. Ariel alilichukua neno hilo kama mwanafunzi anavyochukua somo. Akaanza kulala mara nyingi, kunyamaza mara nyingi, na kutazama nyuso.

Mvua zilipokuwa zinakoma, akaja mtu ambaye uso wake haukusomeka.

Alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia nyeusi ya manyoya mafupi, mfanyabiashara wa unga wa mahindi unaoingia kutoka Zambia. Alikuwa akileta mifuko kwa duka lililo jirani na Baba Katongo, na Jumamosi moja aliketi kungoja mvua ya mwisho ipite, akaombwa acheze, akacheza, na tangu hapo hakukosa. Walimwita Mokambo, kwa sababu alitoka mpakani. Hakuna aliyemwuliza jina lake. Alisema kidogo, alicheka kwa pua tu, na macho yake yalikuwa kama dirisha lililofungwa kwa ndani.

Ariel akamfanya kuwa shule yake. Wiki baada ya wiki alimkazia macho, waziwazi, jinsi asivyomkazia mtu mzima yeyote mahali pengine. Mwishowe aligundua kitu: Mokambo akiwa na karata nzuri, alisugua ukingo wa kofia kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa sokoni. Akiwa hana kitu, kofia haikuguswa. Kuanzia hapo Ariel alikuwa akilala kofia inaposuguliwa, na kushambulia kofia ilipotulia, na maharagwe ya mzee yakaanza kuhamia upande wake.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya mwezi wa tisa, ambayo mezani pale iliitwa tu “ile siku”. Kofia ilikuwa imesuguliwa. Mokambo alikuwa na karata nzuri, na Ariel alijua. Yeye mwenyewe alikuwa na mbili na saba, takataka tupu. Lakini joto la kabla ya mvua lilikuwa limempanda kichwani, na wenzake walikuwa wakitazama. Akasukuma maharagwe yake yote katikati ya meza, akainamisha kichwa mpaka pua yake ikakaribia ya mzee, akamtazama ndani ya macho na kumwambia, “Mokambo, lala. Ku mupaka banafunga saa hii.”

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akalala. Ariel akazigeuza mbili na saba ili wote wazione, na Mwaba akaanguka kutoka kwenye kiti kwa kicheko. Mkono uliofuata, yaani mgao uliofuata wa karata, Mokambo, ambaye pengine alikuwa amechafuka moyo, alipoteza maharagwe yaliyobaki, akanyanyuka, akavua koti, akaenda uani kuwasha mbabula. Lingeishia hapo, lingekuwa jambo dogo. Lakini ulimi hauna mfupa. Mzee alipokuwa amepiga magoti anapuliza makala, majivu yamemrukia kwenye kofia, Ariel alimpigia kelele kutoka mezani kwamba mwenye kuoa kwenye ukoo wake atakufa na njaa, kama bukari ya buko wake ndiyo hii. Wote walicheka. Buko ni wakwe, na mzaha wa wakwe ni mtamu Lubumbashi kote. Tangu siku hiyo, kila bukari ilipokuwa na vidonge, mtu mmoja alisema, “Bukari ya buko.” Mokambo mwenyewe alitabasamu kidogo, akamletea Ariel sahani yake, na Ariel akala akashiba.

Sasa inafaa kusema habari za Huguette.

Huguette Ngosa anafanya kazi katika duka la dawa Katuba. Yeye na Ariel wanapendana kwa utulivu, bila makelele, na mipango yao ya ndoa ilikuwa imefika mahali ambapo familia ya kijana inakwenda kujitambulisha rasmi kwa familia ya binti. Siku iliwekwa: Jumapili moja ya mwezi wa kumi na mbili. Ariel, ambaye wazazi wake ni watu wa Kasai, alijitayarisha jinsi watu wa kwao wanavyojitayarisha. Kwao mtoto ni wa baba, na neno ni la baba. Basi mwaka mzima alimhudumia baba wa Huguette, Pierre Ngosa. Alimpelekea mkate wa moto Jumapili asubuhi, akamrekebishia redio, akamsikiliza akieleza ugonjwa wa goti lake tangu ulipoanza. Alipomsalimu aliinamisha macho, kama mama yake, Christiane, alivyomfundisha tangu utotoni: buko hatazamwi usoni. Kumtazama mkwe machoni, alisema mama yake, ni kumvua nguo hadharani. Mzee Ngosa aliridhika naye kabisa, na Ariel akahesabu kwamba mambo yamekwisha.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, walipokuwa wameketi kwenye benchi mbele ya duka la dawa, Ariel alisema kwamba anashukuru Mungu kwa sababu Baba Pierre yuko upande wao. Huguette alimgeukia kwa mshangao mdogo.

“Eh, Papa atakuwa pale,” akasema. “Lakini Papa hatasema. Atasema ba Yama.”

Akamweleza, kama mtu anayeeleza kwamba maji huteremka. Kwao mtoto ni wa upande wa mama. Anayemtoa binti ni Yama, ndugu wa kiume wa mama yake, na asipokubali yeye, baba anaweza kukubali hadi kesho kutwa bila faida. Je, hakumwambia? Alidhani kila mtu anajua. Yama wake alikuwa mtu wa safari, hapatikani kwa urahisi, na hata Jumamosi alikuwa daima kwenye shughuli za mifuko yake ya unga. Lakini alikuwa ameahidi kuja Jumapili ile. Huguette akatafuta kwenye simu, akapata picha ya sherehe fulani, akaisogeza mbele ya Ariel.

Ilikuwa kofia nyeusi ya manyoya mafupi. Chini ya kofia, dirisha lililofungwa kwa ndani.

Kiganja cha Ariel kikaifunika simu yote.

“Unafunika ba Yama juu ya nini?” Huguette akauliza, akicheka.

Ariel alisema jua linamchoma macho. Hakukuwa na jua.

Siku zilizofuata hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Luano alipitisha begi zito lililopaswa kulipiwa, akalirudisha jepesi. Alikula bila kujua anakula nini. Kichwani mwake mwaka wote wa karata ulijirudia, Jumamosi moja baada ya nyingine, na kila alichokihesabu kuwa ushindi kiligeuka. Alikuwa amejivunia kwamba amejifunza kutazama nyuso, na kumbe alimtazama buko machoni karibu kila juma tangu mvua zilipokoma, akatafuta udhaifu wake, akaupata, akautumia. Alikuwa amefurahi kwamba ameshinda woga wake wa wazee. Akakumbuka woga ule sasa kama mtu anayekumbuka mwavuli alioutupa. Kisha kila mara fikra zilirudi pale pale, kwenye mzee aliyepiga magoti mbele ya mbabula, majivu juu ya kofia, na sauti yake mwenyewe ikisema mwenye kuoa kwenye ukoo wake atakufa na njaa.

Alimwendea David. David alicheka sana, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. Akamshauri ajifanye mgonjwa, asiende Ruashi tena mpaka ndoa ipite. Lakini Jumamosi iliyokuwa mbele yao haikuwa Jumamosi ya kawaida. Kwa Baba Katongo, kabla ya Krismasi, kuna siku ya kufunga mwaka: kila mchezaji husimama na kuusimulia mwaka wake, mkono wake mzuri kuliko yote na mkono wake mbaya kuliko yote, na wengine humcheka. Asiyekuja husimuliwa na wenzake. Na simulizi ya Kilo ilikuwa inangojewa tangu mwezi wa tisa. Ariel mwenyewe alikuwa ameitayarisha, na madoido yake. Asipokwenda, Mwaba angeisimulia kwa niaba yake, mbele ya mzee, akiigiza hata jinsi alivyopuliza makala. Na juma moja baadaye mzee angemwona Kilo akiwa amevaa suti, ameketi kwenye mkeka wa wachumba.

“Basi enda,” David akasema. “Lakini ufunge kinywa.”

Akaenda.

Mokambo alikuwa ameshaketi. Ariel alimsalimu kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Mwaba akauliza kama Kilo ametafuta kazi ya ushemasi. Ariel aliketi na kutazama meza. Walipogawa karata, alizifunika, akainua pembe, akalala. Wakagawa tena, akalala. Maharagwe yake yalipungua kidogo kidogo bila kupiganiwa. Kila alipotaka kuinua macho, alisikia sauti ya mama yake, akayashusha. Hakujua kama kofia inasuguliwa au haisuguliwi, na hakutaka kujua.

“Kilo, uko mugonjwa?” Mokambo akauliza hatimaye. Katika mwaka mzima hayo yalikuwa kati ya maneno marefu aliyowahi kumwelekezea.

“Hapana, tata. Niko muzuri.”

“Tata,” Mwaba akarudia, akitafuta wa kucheka naye. Mezani pale hakuna aliyewahi kumwita mwenzake tata, yaani baba.

Muda mfupi baadaye, Mwaba akiwa amekwisha kutoka kwanza na kwenda uani kwenye mbabula, wakabaki wawili kwenye mkono mmoja, Ariel na mzee. Mezani kulikuwa na asi moja, karata kubwa kuliko zote. Mzee aliongeza maharagwe. Ariel aliinua pembe za karata zake na kuona asi mbili. Karata kama hizo mtu huziota. Akazisukuma mbali, zimelala kifudifudi.

“Ninalala.”

Lakini alizisukuma kwa haraka, na moja ikagongana na kikombe, ikageuka. Mokambo akaiangalia asi ile. Kisha akanyoosha kidole, na kinyume cha adabu zote za mchezo, akaigeuza na ya pili.

Uani Mwaba alikuwa akiimba.

“Umenilalia na asi mbili,” mzee akasema taratibu. “Mi niko mutoto wa kuachiliwa?”

Baba Katongo, ambaye hakupenda baridi mezani pake, akaona afadhali wamalize mchezo na waanze kufunga mwaka. Bukari ilikuwa tayari hata hivyo. Mwaba akaingia na sahani, akamwekea kila mtu bukari na kipande cha samaki, akapiga meza kwa mwiko akidai kwamba Kilo aanze, kwamba wote wanataka kusikia habari ya mbili na saba.

Ariel akasimama. David, kutoka upande wa pili wa meza, alimtikisia kichwa: usiseme. Ariel alikuwa ameshaamua kusimulia mkono mwingine, wa mwezi wa sita, mkono mdogo usio na ubaya kwa mtu. Akaanza hata kuusimulia. Akasikia sauti yake inavyopwaya. Akamwona mzee, kwa pembe ya jicho, ameweka mikono miwili juu ya meza, hagusi kofia yake, hali chakula, anangoja, kama abiria aliyesimama wima na begi lisiloguswa na kiatu. Ariel akanyamaza katikati ya sentensi.

“Mkono mzuri sina,” akasema. “Mkono mbaya ni ule munaita muzuri. Ile siku nilimufukuza Mokambo na takataka, nikamuangalia mu macho, nikamutuma ku mbabula, na nikasema ile neno ya buko. Mi njo ule anataka kuoa Huguette.”

Mwaba akatafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakulipata. Baba Katongo alivua miwani. Mzee akamgeukia.

“Jina yako?”

“Ariel Mbuyi.”

“Mutoto ya nani?”

Ariel akamtaja mama yake, akautaja mtaa wao, akaitaja Kasai ya wazazi wake. Alisema yote hayo akitazama sahani.

“Huguette ni mutoto ya dada yangu,” mzee akasema.

“Najua, ba Yama.”

“Usiniite Yama bado.”

Alitoa pumzi kwa pua. Kilikuwa kicheko au hakikuwa, hakuna aliyejua. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya chini, maneno ambayo Ariel hakuacha kuyarudia tangu siku hiyo. “Kwetu, mwenye anataka kuoa hakulaka kitu ya buko mbele ya bamuonyeshe moto. We umekula ku moto yangu. Hata kuomba haukuomba.”

Akanyanyuka. Bukari yake hakuigusa. Alivaa koti, akamshukuru Mama Adolphine aliyekuwa ametokea mlangoni, akafika hadi kwenye geti. Pale akageuka.

“Ile Jumapili, ukuje na makala. Mufuko moja.”

Geti likafungwa.

Baba Katongo ndiye aliyewaeleza, maana ni desturi ya upande wake pia. Mchumba hali chakula katika nyumba ya wakwe. Hata akipewa, anakataa kwa adabu. Siku inapofika, familia ya binti inawasha moto, inapika vyakula vyake vyote, inamletea mchumba na kumfunulia sahani moja moja: hiki ndicho chakula chetu, na huu ndio moto wetu. Huko ndiko kumwonyesha moto. Baada ya hapo yeye ni mtoto wa nyumba. Aliyekula kabla ya wakati ana kosa, na kosa hutozwa faini, au wakati mwingine huvunja mambo yote. Lakini kuhusu makala alikuna kichwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mchumba akiambiwa aje na makala.

Juma lile lilikuwa refu. Mwaba, aliyepata tena sauti yake, alishikilia kwamba mzee anataka kisasi: Kilo atapikishwa bukari ya ukoo mzima, na suti yake. David alidhani kinyume chake, kwamba mtu asiyekutaka hakuambii ulete kitu. Ariel aliamini wa kwanza asubuhi na wa pili jioni, na mara nyingine hakumwamini yeyote. Mama Christiane, aliposikia habari yote, alijishika shavu. Kumpelekea buko makala, alisema, ni kama kumpelekea uchafu wa mikono. Kisha akaongeza kwamba kama ameomba makala basi apewe makala mazuri, na wataongeza kuku jike mweupe, kwa sababu kuku mweupe hajawahi kuharibu kesi. Alimwuliza mwanawe swali moja tu: ni kweli alimtazama machoni? Ariel akakubali. “Eh, mutoto,” mama yake akasema.

Hakumwambia Huguette alikomfahamu mzee. Jambo lile lilikuwa na upande wa pili: Yama naye hakuwaambia nyumbani kwamba mifuko ya unga ya Jumamosi ina karata ndani yake, na kumfichua kabla ya Jumapili kungekuwa kosa juu ya kosa. Siku ya Alhamisi Huguette alimpigia simu, sauti yake ikiwa na udadisi.

“Ba Yama alinipigia. Hakuuliza kama uko na kazi, hakuuliza kanisa. Aliuliza tu kama unajua kupika bukari. Anakujua wapi?”

Ariel akamwambia atamweleza Jumapili jioni, Mungu akipenda. Huguette akauliza kama kuna jambo la kuogopa. Alimjibu kwamba hajui. Lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyoyatoa juma lile.

Jumamosi hakwenda Ruashi. Alikwenda sokoni, akapita kwa wauza makala mmoja baada ya mwingine, akavunja vipande na kusikiliza mlio wake, jinsi alivyojifunza uani kwa Baba Katongo miezi ile alipokuwa hajui kulala. Makala mazuri hulia kama chuma kidogo. Yaliyo mabichi hayalii, na hutoa moshi unaomliza mpishi. Alichagua mfuko mmoja, akaufunga mdomo kwa kamba mpya, akaufuta vumbi kwa kitambaa kana kwamba vumbi la makala lina mwisho.

Jumapili kulikucha bila mvua. Teksi ilikuwa ya Mwaba. Aliiosha tangu mapema, akavaa tai, na njia nzima kuelekea Katuba hakupiga honi wala mzaha. Mbele aliketi baba mdogo wa Ariel, msemaji wa familia. Nyuma walikaa Ariel, Mama Christiane akiwa na kuku mweupe mapajani, na David, aliyekuja kubeba. Mfuko ulikuwa kwenye buti. Ariel alikuwa ameubananisha kwa gurudumu la akiba ili usianguke, na kila teksi ilipoingia shimoni aligeuza kichwa.

Walipokata kona ya mtaa wa akina Ngosa, simu ikalia. Ilikuwa Huguette, akinong’ona.

“Muko wapi? Ba Yama iko hapa tangu asubuhi. Ametoa mbabula inje, ameikala pembeni yake na kofia yake. Mama anataka kuwasha, anamukatalia. Anasema hii moto inangojea mwenyewe na makala yake.”

“Iko na uso gani?” Ariel akauliza.

“Uso gani? Uso yake.”

Teksi ilipunguza mwendo. Mbele, kati ya ukuta na kamba ya nguo, geti lilikuwa wazi, na ndani yake viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa mistari miwili inayotazamana, mmoja umejaa watu na mwingine mtupu. Ariel akaondoa kiganja juu ya simu, akajifuta mikono kwenye suruali, akashuka kabla gari halijasimama vizuri, akafungua buti.